Mkondo haukucheleweshi kuvuka mto

Wiki hii nimeletewa tena kosa lile lile, daftari tu ndilo jipya. Mto una upana wa mita 120, boti ina kasi ya mita 4 kwa sekunde kwenye maji yaliyotulia, mkondo mita 3 kwa sekunde, na boti imeelekezwa ng'ambo moja kwa moja. Itavuka kwa muda gani? Mwanafunzi wa S5 (kidato cha tano) kachora vekta zake, yaani mishale ya kasi na mwelekeo, kwa rula, kapata jumla ya mita 5 kwa sekunde. Safi. Kisha kagawanya 120 kwa 5, akaandika sekunde 24.

Hapana! Ile 5 ni ya njia ya mshazari, na mshazari una mita 150. Ukitaka kumaliza upana, tumia kasi inayotazama upana: 120 kwa 4, sekunde 30. Mkondo unasukuma sambamba na kingo. Hausukumi kuelekea ng'ambo hata kidogo, basi utakuwahishaje au kukucheleweshaje? Unakushusha mita 90 chini ya pale ulipolenga, basi.

Anayebisha ninampa rula. Isimamishe kwenye karatasi, kokota kalamu ukingoni mwake kutoka 0 hadi 10 huku ukihesabu. Rudia, safari hii jirani yako akiisogeza rula kulia polepole. Kalamu inafika 10 kwa hesabu ile ile. Mstari ndio umelala. Fanyeni hivi kabla ya kugusa kikokotoo, nawaomba.

Waliowahi kupanda feri ya Laropi, kaskazini mwa Uganda, kuvuka mto Albert Nile hunijibu: "Lakini mwalimu, nahodha akipambana na mkondo si anachelewa?" Anachelewa, mwanangu, kwa sababu ameigeuza pua kuelekea juu ya mto ili atue gatini. Kwa boti yetu, kasi ya kuvuka ingebaki mzizi wa pili wa 7 (16 toa 9, yaani 4 mara 4 toa 3 mara 3), kama 2.65, na muda ungefika sekunde 45. Njia fupi kabisa, lakini si ya haraka.

Kujumlisha 4 na 3 upate 7? Ni pale tu unaposhuka na maji.

Na si kila boti inaweza kuvuka kwa mstari mnyoofu. Mkondo ukiwa 5 na boti 4, hakuna pembe itakayokusaidia.

Tukitaja pembe: ili avuke kwa mstari mnyoofu kwa boti ya 4 na mkondo wa 3, nahodha wetu anahitaji kugeuza pua digrii 49 hivi kuelekea juu ya mto, kutoka mstari wa ng'ambo moja kwa moja. Ukipata 37, umeifanya 4 kuwa upande wa pembeni, wakati yenyewe ndiyo hipotenasi.