Nepia kuwa na majani makavu chini si lazima iwe imeugua

Wafugaji wengi huamini kwamba majani ya chini ya nepia, nyasi ndefu ya kulisha ng'ombe, yakigeuka manjano, shamba limepata ugonjwa au kiu. Mara nyingi sivyo. Jani huzeeka. Likishafunikwa na kivuli cha majani ya juu, mmea wenyewe huvunja klorofili yake (rangi ya kijani ya jani) na kuhamishia naitrojeni, kirutubisho cha kujenga protini, kwenye majani machanga. Linalobaki ni kavu, gumu, lenye protini kidogo. Kwa hiyo kuiacha nepia ipite kimo cha mtu humpunja ng'ombe wa maziwa. Ikate ikifika mita 1 hivi. Cha kuhofia ni machipukizi mapya yanayotoka mafupi, membamba na ya manjano baada ya kukata: huo ndio ugonjwa wa kudumaa, na shina hilo ling'olewe, lisitumike kama mbegu.