JSON ni nini, na mbona apu yako inaituma kwa seva

Ukiwa mtaa wa Umoja, Nairobi, ukaagiza gesi ya kilo 13 kwa apu, simu yako na ile kompyuta inayopokea oda, yaani seva, hazijuani hata kidogo. Apu ya simu imeandikwa kwa lugha ya programu kama Kotlin ama Dart ama Swift, kule upande wa pili pengine ni PHP ama Python, na hakuna vile utatoa oda kwa memori ya simu uitue huko kama ilivo. Kinachopita kati yao ni maandishi, basi. Ndo maana lazima pande zote mbili ziwe zimekubaliana maandishi yatapangwa aje, na siku hizi wengi wamekubaliana kwa JSON.

Inakaa hivi:

{"bidhaa": "gesi", "kilo": 13, "mtaa": "Umoja", "simu": "0712...", "mtungi_wa_kurudisha": true}

Jina kushoto, thamani kulia. Maneno yanafungwa na alama za kunukuu zile mbilimbili, namba inakaa wazi, kuna true na false, kuna null ukitaka kusema hapa hakuna kitu, kuna orodha ya mabano ya mraba, na unaweza kuweka kifungu kizima ndani ya kingine. Hakuna ingine. Mmarekani anaitwa Douglas Crockford ndiye aliieneza mwanzoni mwa miaka ya 2000 akiitoa kwa JavaScript, saa hii karibu kila lugha inaisoma.

Sasa rudi uangalie hio namba ya simu. Mtu akiona tarakimu anafikiria ni namba, anatoa alama za kunukuu. JSON hairuhusu namba nzima ianze na sifuri halafu ifuatwe na tarakimu zingine, kwa hivo 0712 ikikaa wazi ombi lote, yaani huo ujumbe wa simu kwa seva, linakataliwa, ama kama ulikuwa umeihifadhi kama namba tangu mwanzo, sifuri imeliwa kitambo na unatuma 712 bila kujua. Namba ya simu hujumlishi wala hutoi, iweke kama maneno tu. Na ukiunganisha malipo ya M-Pesa kwa Daraja, ile huduma ya Safaricom ya kuunganisha apu na M-Pesa, wenyewe wanataka ianze na 254, hakuna sifuri, hakuna alama ya kujumlisha mbele.

Hio JSON ndio mwili wa ombi. Juu yake kuna heda, mistari mifupi ya kuambia seva kitu gani kinakuja, na moja lazima iseme Content-Type: application/json. Watu wengi wanapotelea hapa, na mimi naona ni kwa sababu hawajui kuna mtindo mwingine wa zamani bado uko, ule wa fomu za tovuti, unaandika mtaa=Umoja&kilo=13, na kwa huo mtindo alama ya + inasomwa kama nafasi, yaani +254 ambayo haikufungwa vizuri inafika ikiwa na nafasi tupu mbele na 254. Kwa Flutter, chombo cha kutengeneza apu kwa Dart, ile pakeji ya http ukiipatia Map (data ya majina na thamani) vile ilivo inatuma kama fomu kimya kimya, mpaka uite jsonEncode, ile ya kugeuza data iwe JSON, na uweke Content-Type mwenyewe. Seva hujibu na namba: ikijibu 415 inasema aina hio haiitaki, 400 mara nyingi ni kwamba imeshindwa kusoma. Afadhali hizo, kuna zingine zinajibu 200, yaani sawa, safi kabisa na oda imeingia tupu.

Na usiunge JSON kwa mkono, kipande kwa kipande. Mteja ataandika kwa maelekezo: geti ya kijani imeandikwa "Mbwa Kali". Alama zake za kunukuu zitafunga sentensi yako katikati na kila kitu baada ya hapo kiharibike. Kifaa cha JSON cha lugha yako kinaandika \"Mbwa Kali\" chenyewe, kiachie kazi. Anwani ya seva iwe https pia, ile inayofunga data kwa siri njiani, apu zilizolenga Android 9 kuenda juu zinazuia http tupu usipoiruhusu wewe.

Kuna hii ya mwisho ya network yetu. Oda inatumwa kwa POST, yaani unapeana kitu, si kuuliza kama GET. Sasa bando inaisha katikati: ombi lilifika, jibu ndio lilipotea njiani. Apu inadhani imeshindwa, inatuma tena, na boda wawili wanakuja na mitungi miwili. Dawa yake ni kuweka ndani ya JSON kitambulisho cha oda kilichotengenezwa na simu, seva ikikiona mara ya pili inarudisha jibu lile la kwanza bila kufungua oda ingine. Tu kitengenezwe mteja akibonyeza kitufe, si kila mara apu inaporudia kutuma, maana hapo kila ombi litakuwa na chake na mitungi itakuja bado.