Kabla ya kumlaumu chuma ulete

Mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi Majengo, mwanafunzi wangu wa darasa la jioni la usimamizi wa biashara, aliniletea daftari lake. Mauzo ya siku: shilingi 4,200. Kwenye mkebe zilikuwamo 3,650. "Mwalimu, pale kwangu pana chuma ulete," akaniambia, yaani uchawi unaovuta pesa za mtu kimyakimya, na hakuwa anafanya mzaha.

Tukakaa tukahesabu. Maji ya mkokoteni, 150. Mtoto alipewa 300 za shule asubuhi. Jirani alichukua mahamri ya 100 kwa deni, nayo yameandikwa kama yaliyolipwa. Jumla 550. Hapakuwa na mchawi wala mwizi.

Kazi tuliyoifanya pale ndiyo udhibiti: kulinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana, kisha kuuliza tofauti imekwenda wapi. Henri Fayol, mhandisi Mfaransa aliyeongoza kampuni ya migodi kwa miaka mingi, aliziandika kazi za meneja mwaka 1916: kupanga, kuandaa, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Vitabu vingi vya siku hizi vimezipunguza zikawa 4, vikisema kuongoza badala ya kuamuru. Wanafunzi wangu huzikariri vizuri sana. Shida huanza wanaporudi dukani.

Kupanga si kugeni kwetu. Nahodha aliyeingia bandari ya kale na kaskazi alijua atarudi na kusi; akichelewa kuuza, pepo hazimngoji. Mwenye mahamri naye ana misimu yake. Ramadhani mteja wa asubuhi hayupo, biashara yahamia alasiri, kwenye kaimati na viazi vya karai. Basi Shaabani haijaisha awe ameshajua atahitaji unga na mafuta kiasi gani, nani atasimama karaini, na pesa za kununulia zatoka wapi. Anayeyawaza hayo Ramadhani imeshaandama hununua kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Kuandaa ni kugawa kazi ijulikane nani anajibu nini. Hapa nakiri kosa langu. Niliwahi kufungua kibanda cha fotokopi pamoja na binamu yangu. Mimi nilidhani wino kanunua yeye, yeye akadhani nimenunua mimi. Wiki ya kufungua shule, wazazi wamepanga foleni na vyeti vya kuzaliwa mkononi, mashine imenyamaza. Tungeandika mstari mmoja tu, "wino ni wa fulani", tusingeaibika. Biashara za ndugu huumia zaidi kwa hili, maana kumuuliza shemeji hesabu huonekana kama kumvunjia heshima.

Yako pia majukumu ambayo sheria inakudai. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na mfanyakazi apate likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila anapotimiza miezi 12. Hata kama ni mtoto wa dada yako. Kaunti yataka kibali cha biashara. Na mauzo ya mwaka yakizidi shilingi milioni 1 bila kupita milioni 25, kuna kodi ya mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023, ambayo mwisho wa kuilipa ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Angalia vizuri: kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo, haiangalii faida. Aliyeuza kwa hasara bila kujua ataidaiwa vilevile, na bila daftari hawezi hata kujua kwamba amekula hasara.

Kwa mama wa Majengo tulianza na mambo madogo. Mkebe wa biashara na mkoba wa nyumbani visikutane. Ajilipe posho maalumu kila jioni, iandikwe kama gharama, na ada ya mtoto itoke humo. Malipo ya M-Pesa yaingie kwenye namba ya biashara, si ile anayotumiwa pesa za chama. Na kila deni liandikwe jina, kiasi na tarehe, papo hapo, mikono ingali na unga.

Juma lililofuata alirudi. Siku 5 kati ya 6 hesabu ilikuwa imelingana. Ya sita ilipungua shilingi 20, akakumbuka ni kiberiti. Jirani bado hajalipa ile mia, lakini siku hizi akifika kibandani hutazama kwanza daftari liko wapi.