Kabla ya Kulipia Intaneti ya Nyumbani, Uliza Inafikaje

Malalamiko ninayoyasikia zaidi katika kazi hii ya intaneti ya nyumbani yanafanana: "Nimelipia megabiti 50, filamu zinacheza vizuri, lakini nikiingia kwenye kikao cha video wenzangu wanasema sauti inakatika." Mteja huamini ameibiwa. Mara nyingi hajaibiwa, ila ameambiwa namba moja wakati zipo tatu. Ya kwenye tangazo ni kasi ya kupakua, yaani data inavyoingia kwako. Ya pili ni kasi ya kupakia, data inavyotoka, na hiyo ndiyo inayobeba sura na sauti yako kwenda kwa wenzako. Ya tatu ni ucheleweshaji: muda wa ombi kwenda na jibu kurudi, unaopimwa kwa milisekunde. Zote tatu hutegemea sana njia ambayo intaneti inapita hadi kukufikia.

Jambo dogo linalowachanganya wengi: megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Faili la megabaiti 500, kwenye laini ya megabiti 50 kwa sekunde, huchukua sekunde 80 kushuka. Anayetarajia sekunde 10 atailaumu laini bure.

Njia kongwe ni waya wa shaba wa simu, yaani DSL. Mawimbi ya umeme hufifia kadiri waya unavyorefuka, kwa hiyo nyumba iliyo mita 300 kutoka kwenye kabati la mtandao na ile iliyo kilomita 3 haziwezi kupata kasi moja, hata zikilipia kifurushi kile kile. Aina ya ADSL2+ hufika megabiti 24 kupakua ukiwa karibu, lakini kupakia huishia karibu na megabiti 1. Hapo ndipo sauti ya kwenye kikao inapokwama. Waya wa televisheni ya kebo una kasi kubwa zaidi, ila mnautumia pamoja na majirani, na jioni watu wakirudi nyumbani utaona inavyopungua.

Faiba ni habari nyingine kabisa. Ndani yake hakupiti umeme, hupita mwanga. Uzi wa kioo, ukiuondolea maganda yake ya plastiki, una unene wa mikromita 125, karibu sawa na unywele, na kiini chenyewe kinachobeba mwanga ni kama mikromita 9 tu. Ukipata nafasi ya kumtazama fundi akiunga faiba, itumie. Humenya uzi, huufuta kwa spiriti, huukata ncha iwe bapa kabisa, kisha huziweka ncha mbili kwenye mashine inayozitazamisha na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme hadi ziwe kioo kimoja. Vumbi kidogo tu kwenye ncha, na kazi inarudiwa. Ndiyo maana nawasihi wateja wasiukunje ule waya mwembamba wala kuubana kwa mlango: ukipinda sana, mwanga huvuja.

Faiba nayo hugawanywa. Uzi mmoja huweza kuhudumia nyumba 32 au 64. Lakini uwezo wake ni mkubwa kiasi kwamba mgawanyo huo hausikiki kwa urahisi, kupakia kunaweza kulingana na kupakua, na ucheleweshaji ni mdogo. Udhaifu wake ni majembe na mitambo ya kuchimba barabara. Na kumbuka kuwa kifaa chake cha nyumbani kinahitaji umeme: tafuta betri ndogo ya akiba, la sivyo umeme ukikatika na intaneti imekwenda.

Pasipo na faiba, wengi hutumia ruta ya laini ya simu, ya 4G au 5G. Hufungwa kwa dakika chache na huhamishika. Lakini mnara ni wa watu wote walio karibu nao, na ukuta mnene hula mawimbi. Ruta ile ile ikitolewa kabatini na kuwekwa dirishani upande wa mnara inaweza kubadilika kabisa. Antena ya nje juu ya paa husaidia zaidi. Soma masharti pia, kwani vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hushushwa kasi ukishavuka kiasi fulani.

Setilaiti ni za aina mbili tofauti. Zile za zamani zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi kwenda na jibu kurudi hutumia karibu nusu sekunde angani pekee, na hakuna kifurushi kinachoweza kufupisha safari hiyo. Zile za chini, kama za Starlink, huzunguka karibu kilomita 550 kutoka ardhini, na kuzungumza kwa video kunawezekana bila kukatizana. Hizi husogea, hivyo dishi lake linahitaji kuona anga pana. Tawi moja la mti hutosha kukata mawasiliano kwa sekunde kadhaa kila baada ya muda.

Ushauri wangu hauna kona: faiba ikifika kwako, chukua faiba. Isipofika, jaribu mnara ulio karibu kabla ya kununua dishi. Setilaiti ya mbali ibaki kwa mahali ambapo hakuna kingine.

Ukishafungiwa, pima kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, asubuhi na tena kati ya saa mbili na saa nne usiku. Kwenye waya ikiwa nzuri na kwenye waifai ikisuasua, tatizo limo ndani ya nyumba: pengine ruta imefichwa nyuma ya televisheni, au unatumia masafa ya gigahezi 5, yenye kasi lakini dhaifu mbele ya kuta, wakati ya 2.4 yangekufikia chumbani. Ziandike namba zote tatu, pamoja na saa, kwa siku tatu. Fundi akija ukamwonyesha karatasi hiyo, atajua aanzie kwenye nguzo au sebuleni.