Pauni 1,000 za kodi si ruhusa ya Universal Credit

Wiki hii nimeisikia mara tatu, na ya tatu ilinikata maini. Mama wa watoto wawili, hapahapa Uingereza, anauza kanga na mabaibui kupitia WhatsApp na Facebook, ananiambia kwa utulivu kabisa: "Dada, mimi sijafika elfu moja kwa mwaka, kwa hiyo sina cha kutaja."

Hapana, dada yangu. Hiyo elfu moja ipo, lakini si ya Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Ni msamaha wa kodi wa HMRC, yaani mamlaka ya kodi, ulioanza mwaka wa kodi wa 2017/18: mauzo yako ya biashara ndogo yasipozidi £1,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa gharama, huyalipii kodi. Unaishia hapo. Universal Credit iko chini ya DWP, wizara ya kazi na pensheni, ina kanuni zake, na msamaha huo haumo. Faida ya kanga ikiwa £15, unataja £15. Hata mwezi ambao hukuuza kitu, kama biashara yako wanaijua, unaripoti sufuri.

Chanzo cha mkanganyiko nakijua. Waliokuwa kwenye tax credits, posho ya zamani ya wenye kipato kidogo, walipimwa mapato kwa kanuni za kodi, kwa hiyo msamaha ule uliwafaa. Tax credits zilifungwa tarehe 5 Aprili 2025. Watu wamehamia Universal Credit na kanuni ya zamani mkononi, kisha wanafundishana kwenye magrupu.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wanaoficha hawakuwa na cha kupoteza. Mzazi mwenye mtoto, kwa viwango vya 2025/26, aliruhusiwa kuingiza £411 kwa mwezi kama Universal Credit inamsaidia pango, au £684 kama haimsaidii, kabla hajakatwa hata peni. Baada ya hapo hukatwa peni 55 kwa kila pauni. Yule mama tulikaa naye mezani tukapiga hesabu kwenye nyuma ya bahasha. Mwezi ule aliuza doti 12 kwa £15, jumla £180. Mzigo aliulipia £72, stempu na mifuko £28. Kinachohesabiwa ni £80, si £180. Yeye ana kazi ya usafi na mshahara umeshaijaza ile £411, kwa hiyo anakatwa £44 na £36 inabaki yake. Asingekuwa na mshahara, asingekatwa kitu. Na mwezi anaolipia mzigo mkubwa kuliko anachouza, ile hasara inabebwa hadi miezi inayofuata, lakini mradi ameiripoti. Asiyeripoti anaitupa.

Muda wenyewe wa kuripoti ni mfupi: kuanzia siku 7 kabla mwezi wako wa tathmini, ule ambao malipo yako hupimiwa, haujaisha hadi siku 14 baada yake. Ukichelewa, malipo yanaweza kusimamishwa.

Kuna wanaoogopa upande wa pili, hawathubutu hata kuuza koti la mtoto lililombana. Uzeni! Kuuza vitu vyako vya nyumbani ulivyokwisha kutumia si biashara. Pesa hiyo inaingia kwenye akiba yako, na akiba haigusi Universal Credit mpaka ipite £6,000. Biashara ni pale unaponunua, au unaposhona, ili uuze.

"Vinted na eBay wameleta kodi mpya." Hawajaleta. Tangu Januari 2024 majukwaa hayo ya kuuzia mtandaoni hukusanya taarifa za wauzaji, na anayefikisha mauzo 30 kwa mwaka au kupita euro 2,000, taarifa zake hupelekwa HMRC. Kodi ni ileile ya zamani.

Kupokea pesa kwenye akaunti ya dada yako hakuibadilishi kuwa pesa yake. Hili silijadili zaidi.

Child Benefit, posho ya watoto, nayo wanaichanganya humuhumu. Yenyewe haina habari na kanga zako, isipokuwa mmoja wenu nyumbani anapita £60,000 kwa mwaka.

Mwingine ananyamaza kwa kuogopa kwamba akitaja atahesabiwa mfanyabiashara kamili na kupachikwa kipato cha kubuni asichokipata. Kipimo hicho ni cha yule ambaye biashara ndiyo kazi yake kuu, yenye mpangilio na mwendelezo. Huamuliwa kwa mahojiano, na anayeanza hupewa miezi 12 kwanza.

Nunua daftari. Tarehe, ulichouza, ulicholipwa, ulicholipia. Risiti ya posta ibandike palepale kwa gundi, maana wino wake hufifia.

Na kama umekwisha kuruka miezi, ingia kwenye akaunti yako ya Universal Credit leo uandike ujumbe, utaje mwezi kwa mwezi. Kilichozidi utakirudisha, na pengine kuna faini ya £50. Lakini ukiandika mwenyewe kabla ya kuulizwa, ni vigumu mtu kusema ulikusudia kuficha.