Ukuta wa Gede Hautaki Saruji

Gede, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, ni mji wa kale wenye kuta mbili: wa nje umezunguka mji, wa ndani umekumbatia jumba la mfalme, msikiti mkuu na nyumba za wakubwa. Kaburi moja limeandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Tangu 2024 upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wageni wengi hutazama vyombo vya Kichina kwenye makumbusho, wakaondoka. Kwangu mimi, chokaa iliyoshika yale mawe inastahili jicho zaidi.

Mawe yenyewe ni ya matumbawe, yana vitundu tele. Hunywa mvua, kisha unyevu hutoka taratibu kupitia chokaa ya maungio. Ukiziba maungio kwa saruji, unyevu hauna pa kutokea ila kwenye jiwe. Unatoka na chumvi, chumvi inaganda ndani ya vitundu, jiwe linamomonyoka. Kiraka kibaya hakijifichi: saruji ya kijivu imetokeza kama rafu, jiwe la juu yake limelika, na ukilipitishia kidole unabaki na unga.

Ukitengeneza upya, chimbua kiungo kwa patasi na nyundo ndogo, kina mara mbili ya upana wake. Mashine itakata jiwe. Fagia vumbi, lowesha. Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na chokaa iwe imelala majini wiki kadhaa. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni unarudisha chumvi ileile tunayoikimbia. Shindilia kwa tabaka za sentimita 1 hivi, kisha funika magunia mabichi kwa wiki nzima. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Chokaa haishiki kwa kukauka tu: hushika kwa kuvuta hewa ya kaboni, nayo huhitaji unyevu. Jua likiiwahi siku ya kwanza, itapukutika.

Anzia juu. Mapaa yalishaporomoka, kwa hiyo maji huingilia kichwani mwa ukuta. Kipe kichwa hicho mgongo wa chokaa ulioinama pande zote mbili, maji yateremke.

Na mti ukiota ukutani, usiung'oe hata ukiwa mdogo. Kata shina, acha mizizi ife palepale, kisha uitoe kidogo kidogo huku ukijaza chokaa nyuma yake. Mara nyingi mizizi hiyohiyo iliyopasua ukuta ndiyo inayoushikilia usianguke.