Lambo pana, tangi tupu: dhana potofu kuhusu maji Uganda

"Nchi ya maziwa haiwezi kukosa maji."
Mwaka 2006 Ziwa Viktoria lilishuka hadi umeme wa mabwawa ya Jinja, Nile inapotoka ziwani, ukawa wa mgao. Mei 2020 ziwa lilo hilo likapanda kupita rekodi ya 1964 na kuingia kwenye nyumba za mwaloni Ggaba, karibu na Kampala. Tena liko kusini, ilhali mfugaji wa Karamoja yuko kaskazini mashariki na ana msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua siku hizi humwagika kwa pupa kisha hukata. Kazi iliyopo ni kuikinga inaponyesha.

"Lambo likiwa pana, maji yatadumu."
Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Chukua lambo la mita 50 kwa 40. Kiangazi, jua na upepo huweza kuondoa milimita 6 kwa siku, yaani lita 12,000. Ng'ombe mmoja akinywa lita 40, jua hilo linakunywa sawa na ng'ombe 300, na halilipi mchango wa matengenezo. Ujazo uleule ukichimbwa kwa nusu ya eneo na kina mara mbili, hasara hupungua kwa nusu.

Adui wa pili ni tope. Ng'ombe wakiingia majini wenyewe, kwato hubomoa kingo, kinyesi huchafua maji, na kina hupungua kila msimu. Zungushia ua, kisha vuta maji kwa bomba hadi kwenye hori la kunyweshea lililo mbali na ukingo, upande wa chini. Kabla ya mlango wa maji chimba shimo la kunasia mchanga, na upande wa juu wa shimo hilo acha ukanda wa nyasi. Njia ya kumwagia maji ya ziada isipokuwepo, mvua kubwa moja hupasua tuta.

Wakati wa kuzoa tope, koleo isifike kwenye udongo wa mfinyanzi ulio sakafuni. Wanaotaka kina zaidi huutoboa, halafu wanashangaa lambo limekauka kabla ya Januari.

"Nikishanunua tangi, shida ya maji imekwisha."
Piga hesabu kwanza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 25: lita 1,000, na takriban 800 hufika tangini, gata zikiwa nzima na pande zote mbili za paa zimefungwa gata. (Wengi hufunga upande mmoja tu.) Zilaze gata kwa mwinamo wa sentimita moja hivi kila mita.

Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja, tangi la lita 1,000 halifiki siku tisa. Likiachiwa kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa mtu, linapita mwezi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, mwaga lita 20 hadi 40 za mwanzo: ni vumbi na kinyesi cha ndege.

"Maji ya nayikonto (kisima cha pampu ya mkono) yakiwa mekundu, ardhi ni mbaya."
Mara nyingi kinachooza ni mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, hasa penye maji ya asidi. Pima asubuhi: jerikani za kwanza zikiwa na rangi ya kutu, kisha maji yakitakata kadiri unavyopampu, shuku mabomba. Badilisha kwa plastiki au chuma kisichoshika kutu. Kuchimba kisima kingine na kukitia mabomba yaleyale ni kununua kutu mpya.

"Kinamasi ni shamba lisilo na mwenyewe."
Kinamasi hunywa mafuriko na kuyaachia polepole. Ukichimba mitaro ya kukikausha, unapata mavuno misimu michache, kisha walio chini ya mto wanapata mafuriko Aprili, na chemchemi iliyo pembeni, ile wanayochota watoto wako, inaanza kutoa maji membamba kama uzi.